Jalada la Kijani la Mchoraji Ramani

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la wengi wanaotaka kushuhudia imani yao kazini ni haraka. Wanamvamia mtu kikombe cha chai kiko mkononi, wanamuuliza akifa leo atakwenda wapi. Mtu anahamia dirishani na chai yake, habari inaishia hapo. Mimi si wa hivyo. Mimi ni mvumilivu. Nimekaa masijala miaka thelathini na moja nikitunza majalada ya ofisi nzima, na hakuna jalada lililowahi kunikimbia.

Ila sijawahi kumfikisha kanisani mfanyakazi mwenzangu hata mmoja. Jambo hilo lilisemwa jana kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mbele ya mchungaji, tena likasemwa na mtu niliyemfundisha mimi shule ya Jumapili akiwa hajui kufunga viatu! Nikasimama. Nikatamka kwamba Jumapili ijayo, siku ya wageni, nitakuja na mtu. Mchungaji akaandika jina langu kwenye daftari la wageni. Sasa haifutiki.

Nimemchagua mchoraji ramani. Meza yake inatazamana na dirisha langu. Mtu mpole, kafiwa na mama yake mwezi uliopita, anakula peke yake. Kikwazo ni binti wa mapokezi. Naye ni wa kanisa letu, ameokoka juzi tu, hawezi kutaja manabii wadogo hata wanne. Leo kampita mchoraji, kamuuliza, "Kaka, lakini umekula?" Basi. Kaenda zake. Huo nao ni ushuhuda?

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza. Nilichomeka kijitabu cha wokovu katikati ya jalada la mgogoro wa mpaka, ili akifungua akutane nacho. Saa nne kimerudi kwangu. Kimegongwa mhuri IMEPOKELEWA, kimetobolewa matundu mawili, kimepewa namba. Na utaratibu huo niliwafundisha mimi mwenyewe!

Wakati wa chai nikamweleza wafalme wa Yuda kwa mfuatano, kwa sababu huwezi kuielewa neema kabla hujawaelewa wafalme. Tulipofika kwa Uzia alikuwa amefumba macho. Nikadhani anatafakari. Mpiga chapa, mwanamke asiye na breki mdomoni, akadakia, "Mzee wetu, mtu kafiwa na mama, wewe unamhesabia wafalme ishirini?" Nikamrekebisha. Kumi na tisa, na malkia mmoja. Meza nzima ikacheka. Kichekesho sikukiona.

Jumatano, 5 Juni

Kazi yoyote ikikwama, dawa ni kumbukumbu. Nimefungua jalada. Kichwa: MCHORAJI RAMANI, HALI YA KIROHO. Folio ya kwanza: "Mhusika husinzia neno linapofunuliwa. Moyo mgumu kiasi." Folio ya pili: "Binti wa mapokezi. Kizuizi. Huruma anayo nyingi, mafundisho hana." Folio ya tatu nimempa mkuu wa ofisi, maana karatasi ilibaki: "Vuguvugu. Huimba kwa sauti, hutoka kabla ya mahubiri."

Majalada ya kawaida yameisha stoo, nikatumia la kijani. Nikaliacha kwenye trei, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi sikuliona. Nikadhani nimelifungia kabatini.

Alhamisi, 6 Juni

Sikulifungia kabatini!

Katika ofisi hii jalada la kijani ni la haraka. Linazungushwa meza zote siku ileile, kila mmoja anaandika maoni na kusaini. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na nikapewa cheti kwa ajili yake. Tarishi wetu, mama mtu mzima ambaye siku zote hutembea kama anakanyaga mayai, jana aliota mbawa.

Asubuhi limenirudia. Saini kumi na moja.

Mpiga chapa: "Nimeona. Nimetoa nakala."

Mkuu wa ofisi: "Nimeona. Masijala ifafanue neno vuguvugu."

Binti wa mapokezi: "Nimeona. Ni kweli mafundisho sina. Baba, naomba unifundishe." Unyenyekevu wa kujionyesha huo!

Na chini kabisa, kwa ule mwandiko wake mdogo wa kwenye ramani, mchoraji: "Nimeona. Nilisinzia kweli, samahani mzee. Tangu tumzike mama silali. Ungeniuliza ningekwambia."

Hiyo nimeisoma mara nne. Ameandika nje ya pambizo, jambo lisiloruhusiwa. Chai sikunywa.

Ijumaa, 7 Juni

Mkuu kaniita. Hakufoka. Heri angefoka. Kasema, "Mzee wangu, nenda kamwombe radhi. Maneno mawili tu. Mawili, baba." Nikaandaa ukurasa mmoja na nusu.

Nimemkuta mchoraji mezani kwake. Binti wa mapokezi kakaa kando, na mchoraji anasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akipiga simu hapa ofisini kila siku saa saba kuuliza kama mwanawe ameshavaa sweta. Mwanawe ana mvi! Binti akainuka, shikamoo baba, akanipisha kiti. Nikaikunjua karatasi. Nikaanzia kwenye maana ya toba katika Agano la Kale. Mchoraji akanishika mkono, akasema taratibu, "Mzee, kaa tu."

Nikakaa. Dakika sita kwa saa ya ukutani bila neno. Sikumbuki kama nimewahi kufanya hivyo tangu nioe. Alilia kidogo. Macho yangu nayo yakawasha. Vumbi la masijala linafika hadi pale.

Kisha akauliza huko kanisani Jumapili huwa tunafanya nini. Swali hilo! Nililolisubiri miaka thelathini na moja! Nikavuta pumzi. Kabla sijaitoa, binti kashajibu: tunaimba, tunaomba, na ukija ukanyamaza tu hakuna atakayekusumbua. Mchoraji akasema basi atakuja naye. Naye! Nimeporwa mchana kweupe, nimekaa kitini!

Jumapili, 9 Juni

Amekuja. Shati limenyooshwa pasi. Mchungaji akauliza nani amemleta mgeni wetu. Nikasimama, ili kurahisisha mambo. Binti hakusimama, alikuwa anamtafutia ukurasa wa wimbo. Mchungaji akatutazama, akaamua mgeni ajisemee. Akasema, "Nimekuja na dada huyu. Mzee yule ndiye aliyenifungulia jalada." Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji alijishikiza kwenye mimbari. Nikakaa. Kwenye daftari la wageni jina langu limepigwa mstari, la binti limeandikwa juu yake. Yule mwanafunzi wangu wa viatu ndiye aliyeupiga mstari, tena kwa rula!

Nje mchoraji akanifuata, akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Anasema tangu Ijumaa usingizi umeanza kumrudia. Akanishukuru kwa kukaa naye. Nikamweleza kwamba hao ni wafalme, huwa wanachelewa kufanya kazi.

Jumatatu, 10 Juni

Mchungaji kapiga simu. Anataka niwaeleze wazee wenzangu nilichojifunza wiki hii. Hatimaye! Kwa kuwa sina kiburi, nikapita kwanza mapokezi kumuuliza binti yeye alifanyaje. Kasema, "Sikufanya kitu, baba. Nilimsikiliza tu." Nikamshukuru, nikamwambia wazo ni zuri ila linahitaji kupanuliwa.

Nimelipanua. Kurasa kumi na nne: "Wajibu wa Mkristo Kusikiliza", sehemu tatu na utangulizi, maswali hayaruhusiwi. Sasa nahitaji mtu wa kumjaribia. Mpiga chapa ameyaona makaratasi, kajifungia kwa ndani. Mkuu ana kikao, eti kitaendelea hadi jioni. Lakini koridoni kuna fundi umeme, kaletwa leo kubadilisha taa. Hanijui. Yuko juu ya ngazi, mikono yote ina nyaya, na ngazi yenyewe inayumba.

La kufanya leo: nenda kaishike ngazi ile, umsomee kurasa zote kumi na nne kabla hajashuka.