Chepeo ya Amuri kwa Vibuyu Viwili na Mbuzi

Jumanne, mwezi 1 Shaabani

Dada yangu Kulthumu, amahoro. Maneno mwenye mtumbwi anasema hauendi Ujiji mpaka ujae mawese, basi nitakuandikia kidogo kidogo kila siku mpaka ujae. Herufi zangu zimepinda, unisamehe, marehemu baba alinitoa chuoni kabla sijazinyoosha. Nakusalimu wewe. Namsalimu shemeji Mbaraka na mgongo wake. Namsalimu Zena, na mume wa Zena hata kama yeye hasalimii watu, na kichanga chao. Namsalimu bibi Sikujua, umwambie sikioni kwa nguvu kwamba ni Asiya. Hapa Rumonge sote wazima. Baba Feruzi muzima. Mwasiti muzima, meno yameota yote. Wifi yangu Chausiku muzima sana, na ulimi wake pia. Mbuzi wetu muzima. Ni Feruzi tu, mutoto wangu, kifua kile kile. Akibeba hata mtungi wa maji anakohoa.

Na habari mbaya iko. Muzungu mmoja anateremka kutoka Usumbura kwenye boma la Wadachi, anapima ardhi, anataka wapagazi wa kupanda milimani. Pale Kabezi wameshika watu kumi na wawili. Mzigo ratili sitini, dada! Kifua cha Feruzi hakitafika hata Bugarama.

Lakini Maneno kaniambia kitu. Huko Kabezi mtu mmoja alikuwa amevaa chepeo, ile kofia ya Kizungu yenye ukingo, wakampita. Walidhani mtu wa boma. Nimemshukuru Mungu kwa mdomo wa Maneno. Akili imenijia.

Jumatano, mwezi 2

Amuri alimpikia Muzungu miaka miwili, na bwana wake alimwachia chepeo alipoondoka. Anaiuza. Nimekwenda kuipima.

Bei ya haki ya chepeo ni nini, dada? Mbuzi namjua. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nazijua. Hii sijui pa kuishikia. Nikaifanya kama samaki: nikainusa, nikaibonyeza, nikaangalia kama nyama inarudi. Imerudi. Inanuka tumbaku na kichwa cha mtu. Iko na tundu. Nikasema tundu linapunguza bei. Amuri kasema tundu ni la upepo, Wazungu wanalilipia zaidi. Anataka vibuyu viwili vya mawese na mbuzi. Nikasema kibuyu kimoja. Akaniangalia kama nimekohoa ndani ya chungu chake.

Nikageuka. Nani amesimama nyuma yangu? Chausiku! Naye anaitaka, kwa mwanawe Abasi. Papo hapo akasema kibuyu kimoja na kikapu cha ndagala. Wifi gani huyu.

Alhamisi, mwezi 3

Hila. Nimemnong'oneza Chausiku kwamba ile chepeo iko na chawa, nimewaona wawili kwa macho yangu, mmoja mnene. Nilidhani atakimbia. Kumbe ameenda moja kwa moja kwa Amuri, apunguziwe bei.

Amuri kaja mpaka mlangoni kwangu na chepeo mkononi. Kasema nimemtukana yeye, na bwana wake, na mke wake anayeipiga mswaki. Aibu imenishika. Nikasema basi tuipime kama kitambaa cha merikani. Unajua mwenyewe, merikani ya wajanja imejaa wanga, ukiiloweka inabaki wavu. Na chepeo ngumu namna hii, nini kinaigandisha kama si wanga? Nikaitumbukiza kwenye maji ya moto.

Amuri hakunizuia. Alikunja mikono tu. Chepeo ikalegea kama kisamvu.

Ndipo nikakumbuka sheria ya soko letu, ambayo mimi mwenyewe nawasomea wengine: anayelowesha kitambaa amekinunua, kwa bei ya mwenye kitambaa. Vibuyu viwili. Mbuzi. Amuri kasema murakoze, asante sana, Mama Feruzi. Mbuzi alimfuata bila hata kugeuka nyuma.

Ijumaa, mwezi 4

Nimekivika chungu chepeo ikauke. Imekauka kwa umbo la chungu, na imepungua. Baba Feruzi katoka msikitini akaifunua atafute mboga. Ukingo umelala kama sikio la mbwa.

Chausiku kaja. Nikasubiri kejeli, nikazipata.

"Wifi, hii umeipika au umeiua?"

Kisha kaenda kwake, karudi na uji mzito wa muhogo. Kaipaka ndani na nje, kaunyoosha ukingo kwa vidole vyake, polepole, kama anamkanda mutoto. Kasema Abasi wake atasimama karibu na Feruzi, labda kivuli cha ukingo kitawatosha wote wawili. Machozi yamenitoka. Nikamwambia ukweli wa chawa. Kasema alijua tangu mwanzo, kwani chawa hanenepi kwenye kofia isiyo na kichwa.

Imekuwa ngumu kabisa. Kuku wameidonoa mara mbili, nimewafukuza.

Jumamosi, mwezi 5

Wamefika. Feruzi kasimama sokoni. Chepeo haikuingia kichwani, imekaa juu kama kifuniko. Nimemwambia asikohoe, asiseme neno, atazame mbali kama mtu mwenye kazi. Mnyampara wa Muzungu, msimamizi wa wapagazi, akapita mbele ya Abasi, hakumwona kabisa. Akafika kwa Feruzi. Akasimama.

"Kofia hii umeipata kwa Muzungu gani?"

Feruzi akatazama mbali, si nimemkataza kusema. Nikaona atashikwa kwa wizi. Nikajibu mimi, kutoka nyuma ya vikapu vya ndagala:

"Kwa Muzungu, alimpikia miaka miwili!"

Mnyampara akafurahi sana. Mpishi wao alitoroka Kabezi.

Wapagazi wameshapata, watu wa Gatete wamejitolea wenyewe kwa ajili ya merikani. Hapa Rumonge hakushikwa mtu. Ameondoka mmoja tu, mwenye chepeo. Na Feruzi hajui kupika hata maji, dada! Nimemkimbilia mpaka njia ya Gatete walikopiga hema, nimemfundisha nikihema: mawese kwanza, chumvi mwisho.

Jumapili, mwezi 6

Sijala. Chausiku kaleta ugali, tukautazama pamoja.

Jumatatu, mwezi 7

Karudi! Kwa miguu yake! Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Alimpikia Muzungu kuku. Mawese kwanza, kama alivyofundishwa, kibuyu kizima, na chumvi mwisho, yote. Muzungu amekunywa maji mpaka leo alfajiri, kisha kamwambia aende kwa mama yake. Hakumpiga. Msafara umepanda milimani, mutoto wangu iko hapa, anakohoa mbele yangu, sijawahi kusikia kikohozi kizuri hivi. Chepeo haipo. Punda wa Muzungu kaila, kwa sababu ya muhogo. Muzungu kaona si haki, kamlipa Feruzi kiatu chake. Kimoja. Cha pili kilikwenda na mto.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Chausiku na uji wake. Namshukuru punda. Hata Amuri namshukuru, anasema mbuzi wangu anakula vizuri.

Sasa, dada. Nimewaza. Wanasema Muzungu mwingine atapita kabla ya Ramadhani. Chepeo ilikuwa kosa, inamfanya mtu aonekane mpishi. Mtu wa boma anajulikana kwa viatu. Kimoja tunacho, cha mguu wa kushoto. Amuri anacho kimoja cha bwana wake, anataka kibuyu na jogoo. Nacho naona cha kushoto, lakini ngozi ikilowa inalegea.

Mtumbwi umejaa, Maneno ananiita. Uliza hapo Ujiji bei ya haki ya kiatu kimoja cha Muzungu, unijibu kwa mtumbwi huu huu ukirudi. Usikawie, dada yangu. Kiatu cha Amuri kiko ndani ya maji tangu asubuhi.