Tulipoyapigia Kura Maji ya Moto

Redio ya kinyozi ilitangaza kwamba kila mwenye hita ya maji nyumbani aizime kuanzia jioni, kwa sababu umeme hautoshi na hita ndizo zinazoumaliza. Msemaji akaongeza kwamba mwananchi mwenye uzalendo anaweza kuoga maji ya baridi na asipungukiwe na kitu.

Tukatazamana pale benchini. Hakuna aliyekuwa na hita.

"Nimeshazima," akasema Wembe, ambaye ndiye kinyozi, bila kuinuka.

"Mimi nilizima siku niliyozaliwa," akasema Breki, dereva wa lori la mchanga.

"Msifanyie mzaha agizo," akasema Katibu.

Katibu ni mzee aliyestaafu ukarani. Hakuna jambo linalofika pale benchini asilolipigia kura. Siku moja alitupigisha kura kama chai ina sukari ya kutosha. Waliosema haitoshi walishindwa, tukainywa hivyo hivyo.

Benchi lenyewe liko nje ya karakana ya Geji, fundi bati. Geji hutengeneza ndoo, masanduku na mifereji ya paa. Jina hilo alilipata kwa kuwa hawezi kupita karibu na bati asiliguse kupima geji, yaani unene wake, hata likiwa ni la nyumba ya mtu. Mimi wananiita Shemasi. Sina cheo hicho popote, ila huomba kabla ya kunywa chai, na chai yao hupoa wakinisubiri.

Geji alitoka karakanani akijifuta mikono.

"Hita yangu mimi haizimwi," akasema, "kwa sababu haiwashwi."

"Ndiyo hiyo uliyoigongea nyundo wiki nzima?" akauliza Wembe. "Wateja wangu wanatikisika, nawanyoa kama nalima."

"Ndiyo hiyo. Tazameni pale juu ya bafu. Lile ni pipa ndani ya pipa. Katikati nimeshindilia sponji la godoro kuukuu, joto lisitoke."

"Subiri," akasema Breki. "Mimi nalalia mkeka, maji yako yanalalia godoro?"

"Chini ya pipa kuna sanduku la bati, nimelipaka rangi nyeusi na kulifunika kwa kioo cha dirisha. Ndani nimepitisha mabomba. Jua likipiga, maji yanapata moto, yanapanda yenyewe kuingia kwenye pipa. Ya baridi yanashuka kushika nafasi yake. Yanazunguka hivyo mchana kutwa."

Katibu akaweka kikombe chini.

"Yanapanda?"

"Yanapanda."

"Kwa pampu."

"Bila pampu, mzee. Maji ya moto ni mepesi."

"Mepesi!" akasema Breki. "Basi mke wangu amejitesa bure na ndoo kichwani. Angechota ya moto."

"Maji hufuata mkondo," akasema Katibu. "Wahenga hawakusema maji hufuata ngazi."

"Wahenga hawakuwa na bati."

"Unawatukana wahenga?"

"Nawapa pole."

Nikasema kwamba darasani, masomo ya jioni, tulionyeshwa jambo hilo hilo kwa sufuria na majani ya chai. Maji yakipata moto, majani hupanda katikati na kushuka pembeni.

"Hiyo ni sufuria, Shemasi," akasema Katibu kwa upole. "Lile ni paa. Wajumbe, tusibishane kama watoto. Wanaosema maji hayapandi?"

Mikono mitatu ikainuka: wake, wa Wembe na wa Breki.

"Wanaosema yanapanda?"

Geji akainua mkono na nyundo yake. Mkono wangu ulifika begani, nikakumbuka kwamba chai ya siku ile ilikuwa imenunuliwa na Katibu.

"Hoja imepita. Maji hayapandi."

Kule juu ya paa, maji hayakuarifiwa.

Geji akaketi kwenye ukingo wa benchi. Hakuwa na uso wake wa kila siku.

"Jamani, leo nitanieni kwa kiasi. Mama mkwe anafika jioni."

Habari ya mama mkwe wa Geji tulikuwa nayo wote. Mama yule ana magoti mabaya, baridi ikimgusa hawezi kupanda hata kizingiti. Safari iliyopita Geji alimchemshia maji kwa mkaa, lakini yalipofika bafuni yalikuwa yamepoa. Mama aliyaoga. Kesho yake alfajiri akaondoka, hata chai hakungoja.

"Alisema nini kwani?" akauliza Wembe.

"Alisema, 'Asante, baba.' Kwa sauti ile."

"Sauti gani?"

"Ile."

Tukaielewa.

"Sasa mke wangu kaniambia, mama akiondoka tena kwa ajili ya maji, atamsindikiza. Yeye na watoto."

"Kumsindikiza si vibaya," akasema Breki. "Mpaka stendi?"

"Mpaka kwao."

Hapo hata Katibu alivuta pumzi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Geji alikuwa ameyavulia mpaka familia.

"Naenda stendi kumpokea," akasema, akisimama. "Mke wangu yuko sokoni. Ninawaomba kitu kimoja tu: koki ya bafuni mtu asiiguse. Pipa lina ndoo nne, tano za moto. Ukichota, ya baridi yanaingia chini kujaza, na jua likishazama halirudi kwa ajili ya mtu."

"Nani ahangaike na maji yasiyopanda?" akasema Katibu.

Geji akaenda. Tukakaa. Redio ikapiga muziki.

"Ila kura," akasema Wembe baada ya muda, "si tuliipiga bila kuona?"

"Kura ni kura," akasema Katibu.

"Nasema tu. Mtu akituuliza, tutasema tuliona nini?"

Katibu akafikiri. "Mjumbe anaruhusiwa kujiridhisha. Binafsi. Kwa kidole."

Wembe akaenda kujiridhisha kwa kidole. Alikaa huko muda wa kunyoa vichwa viwili na ndevu. Aliporudi, shingo yake ilikuwa inang'aa na fulana ameivaa nyuma mbele.

"Vipi?" akauliza Breki.

"Vuguvugu. Kitu cha kawaida sana."

"Mbona unatoa mvuke?"

"Ni jua."

Breki akasema kwamba yeye ni mtu wa mitambo, kwa hiyo lazima akaangalie viungo vya mabomba. Akaenda anatembea kwa kuinama, kama siku zote, maana lori limemharibu mgongo. Kutoka bafuni tukasikia mtu anaimba. Alirudi amenyooka, kumbe ni mrefu kuliko tulivyodhani.

"Viungo vimekazwa," akasema. "Mengine siwezi kusema."

"Mimi siendi," akasema Katibu. "Nina msimamo."

Alikaa na msimamo wake mpaka alipoanza kujikuna. Kisha akasema mwenyekiti hawezi kupokea taarifa za mdomo tu, akaingia. Alirudi nywele zimechanwa kwa mstari, vifungo vya shati vimepishana kimoja.

"Nimeona mapungufu," akasema, akafumba macho kwa raha.

Mimi sikwenda kuoga. Saa yangu ya sala ilikuwa imefika, na si vizuri mtu asimame mbele za Mungu na vumbi. Nilinawa uso, mikono na miguu. Na kwa kuwa ndoo ilikuwa imeshajaa, sikuona sababu ya kumwaga baraka.

Jua lilikuwa linazama Geji alipotokea na sanduku la mama mkwe kichwani. Mama mwenyewe ni mdogo wa umbo, ana fimbo, na macho yake hayapitwi na kitu. Mkewe Geji aliwafuata na kapu la sokoni.

"Shikamoo, mama," tukasema kwa pamoja, tukibanana benchini.

"Marahaba, wanangu. Mbona mmependeza? Kuna harusi?"

"Ni kawaida yetu, mama," akasema Wembe.

"Mama, maji yako tayari," akasema Geji. "Ya jua. Hayana moshi, hayana umeme. Wewe fungua koki tu."

"Haya, baba. Magoti yananiuma kweli."

Akaingia bafuni. Geji akasimama karibu na ukuta kama mtu anayesubiri hukumu. Tukasikia maji yakigonga ndoo, kisha kimya. Kisha mlango.

Mama alitoka vile vile alivyoingia, na gauni lake, nywele kavu, kipande cha sabuni mkononi.

"Baba," akasema. "Maji ni baridi."

"Haiwezekani, mama."

"Asante, baba."

Ilikuwa sauti ile.

Mkewe Geji alikuwa amesimama mlangoni, kapu bado mkononi. Alitazama sanduku la mama yake, ambalo halijafunguliwa, kisha akatazama la kwake juu ya kabati. Geji akapanda ngazi mbio, akashika bomba, akashuka taratibu.

"Labda nimekosea mahali," akasema. "Labda kweli hayapandi."

"Tulipiga kura," akasema Katibu, akitazama viatu vyake.

Nikafungua mdomo. Katibu akanikanyaga. Mguu wake ulikuwa safi sana.

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Hii sabuni uliiweka lini?"

"Leo asubuhi, mama. Mpya, kwenye karatasi yake."

Mama akaiinua tuione. Ilikuwa imebaki nyembamba kama jani. Akaipeleka puani. Kisha akaanza kutembea mbele ya benchi na fimbo yake, anainama kwa kila mmoja wetu.

"Waridi," akasema kwa Wembe.

"Waridi na dizeli," kwa Breki.

"Waridi. Rekebisha vifungo, mzee mwenzangu."

Akafika kwangu. "Waridi. Na huyu ana uso wa kumcha Mungu."

"Mama," nikasema, "yalikuwa ya moto."

"Moto kiasi gani?"

"Nilishukuru kabla sijaanza kuomba."

"Ya moto kweli kweli, mama," akasema Breki, akisimama. "Tazama mgongo wangu! Miaka sijauona huu ukuta mpaka juu."

"Mimi nilipiga kelele kidogo," akasema Wembe. "Ila za furaha."

Tukamtazama Katibu. Geji naye akamtazama, na mkewe Geji, na kapu. Katibu alifungua kifungo kilichopishana, akakifunga mahali pake, akakohoa.

"Yalikuwa," akasema, "yamepanda."

Geji alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono.

"Inuka, baba," akasema mama mkwe. "Hita yako ni nzima. Hita mbovu haiogeshi wanaume wanne." Akatugeukia. "Nyinyi, washeni majiko. Mimi nitaoga leo, na nitaoga ya moto."

Tulichemsha kwa mkaa, majiko manne kwa mpigo, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima pamoja na wale waliozima hita zao. Breki alipepea, Wembe alibeba ndoo kwa mbio ili yasipoe, Katibu alipima joto kwa kidole, safari hii kidole kweli. Tulipomaliza tulikuwa na masizi mpaka masikioni, waridi lote limekwisha. Mama alioga. Mkewe Geji aliweka kapu chini, akaanza kupika.

Nilimshukuru Mungu usiku ule kwa ajili ya nyumba ya Geji. Nilidhani jambo limeisha.

Kesho yake tulipofika, mama mkwe alikuwa ameketi benchini, katikati, miguu ameinyoosha juani, fimbo imeelekea mlango wa bafu.

"Maji ya juzi na jana yalimnyoosha dereva, ya leo yatanifaa mimi," akasema. "Nimemwambia baba, nakaa mpaka mvua zianze. Na koki nailinda mwenyewe. Wewe kinyozi, zima hiyo redio, inasema upuuzi. Wewe dereva, mkeo hajambo? Mara ya mwisho umembebea ndoo lini?"

Siku ya pili ilikuwa hivyo. Siku ya tatu tulisimama ng'ambo ya barabara, chini ya upenu wa duka lililofungwa, tumeshika vikombe vyetu mkononi. Geji akavuka kuja kwetu, akasema mama ameanza kumpangia vifaa vya karakana.

Katibu akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Wajumbe, kuna hoja moja tu. Kwamba Shemasi aanze kuombea mvua. Wanaokubali?"

Wembe akainua mkono. Breki akainua miwili. Tukamtazama Geji.

"Mimi siwezi kupiga kura hiyo," akasema Geji. "Yule ni mama yangu."

Kisha akainua mkono kujikuna kichwa, akauacha pale juu mpaka Katibu alipomaliza kuhesabu.