Jinsi Nilivyomsaidia Wacuka Kuingia Shule ya Vipawa

Jumapili, 4 Mei
Shule moja ya watoto wenye vipawa, Kajiado mjini, imetangaza nafasi ya kusoma bure. Nafasi moja! Mahojiano ni Jumamosi. Binti yangu Wacuka ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne katika shule ya serikali hapa Noonkopir. Darasa la watoto themanini na wawili. Hesabu huenda kufanya na Gredi ya Sita, maana mwalimu wake, Madam Phylis, alichoka kumtafutia maswali. Hiyo nafasi ni yake kabisa. Shida ni sweta. Imetoboka viwiko vyote. Mimi ni broka, nauzia watu ploti, kazi yangu naijua: weka geti kwanza, bei itapanda yenyewe.

Jumatatu, 5 Mei
Nimemhamisha. Yuko akademi, shule ya kulipia anayosoma kijana wa jirani yangu Wakhungu. Bleza ya kijani, tai, soksi ndefu. Darasa la watoto kumi na wanne! Madam Phylis aliniomba ningoje muhula uishe. Nikamwambia aache wivu. Mke wangu Waceke akasema nitajua sijui.

Jumatano, 7 Mei
Akademi wamemrudisha Gredi ya Tatu. Eti mtoto akitoka shule ya serikali lazima arudie darasa kwanza, asije akaangusha wastani wa shule. Leo walikuwa wanajumlisha. Wacuka alimaliza kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni, akaambiwa anyamaze apake ua rangi. Jioni alilia. Akauliza ni nani sasa anamwonyesha Shirleen hesabu za sehemu. Shirleen ni binti wa Otiende, walikuwa wakikaa dawati moja. Nikamwambia hayo ni mambo ya Otiende.
Wakhungu amenisalimia kwa mkono mbele ya watu, akaniita mzazi mwenzake. Nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 9 Mei
Leo nimesoma tangazo hadi chini. Ngai! Nafasi ni ya watoto wa shule za serikali pekee. Akademi hapana. Nimekimbia kwa hedi wa shule ya zamani. Amesema jina la Wacuka limeshahama kwa kompyuta, na kulirudisha ni wiki mbili. Nimemwonyesha uso wa huzuni. Kompyuta haikuuona.
Nimetoa ile sweta kwa kabati. Kesho Wacuka ataivaa.

Jumamosi, 10 Mei
Kajiado, saa mbili asubuhi. Njiani nilimfundisha: ukiulizwa shule, taja ya zamani. Akaulizwa maswali ishirini, akayapata yote, na la mwisho akawaonyesha mahali wao wenyewe walikosea. Walimu wakasimama! Halafu wakamuuliza anasoma wapi. Akasema akademi, tangu Jumatatu, Gredi ya Tatu, na kwamba baba amemwambia aseme vingine. Walimu wakaniangalia. Mimi nikaangalia ng'ombe dirishani.
Nafasi imeenda kwa Shirleen, ambaye Otiende naye alikuwa amemleta. Alipoulizwa nani alimfundisha sehemu, akasema ni Wacuka. Niliumia, sitadanganya. Wacuka alimkumbatia mwenzake.

Jumatatu, 12 Mei
Jana Otiende alikuja na kuku, kushukuru. Waceke alimpokea, mimi nilikuwa na kazi chumbani. Leo Madam Phylis amepiga simu: jina lisubiriwe tu, lakini mtoto aje darasani, mahali pake hapajakaliwa na mtu. Wacuka alikuwa ameshavaa viatu.
Nimekataa. Nimefikiria sana, na siri nimeipata. Shirleen ameshinda kwa sababu ya mtoto aliyekuwa akikaa naye. Ni hivyo tu! Nimeenda akademi mbio, nikaomba Wacuka akalishwe na mtoto mwerevu kuliko wote darasani. Mwalimu akanitazama kidogo, akasema huyo ni Wacuka.
Nikamwambia huyo simtaki, atafute mwingine.