Usiku Simba wa Vitasa Alipomsindikiza Mama Mkwe Msalani

Sogeeni, enyi wenye masikio! Aliye na sufuria jikoni na aiepue, aliye na usingizi na aupeleke kwa jirani, kwa maana leo inatajwa habari ya Simba wa Vitasa, Sultani wa Funguo, mfungaji wa milango iliyoshindikana, aliyepiga mwendo wa kishujaa kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa choo, akarudi hai. Nawe ulimi, usiteleze. Na ukiteleza, telezea upande wa sifa.

Shujaa huyo alikuwa fundi vitasa, mwenye karakana ya upana wa kitanda, na ndiye mwenyewe aliyetoa habari hizi, akijicheka kuliko wasikilizaji wake. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza nyumbani kwa dada yake, mji wa mbali, na sasa fundi alikuwa safarini kwenda kuwachukua. Ila hakuwa peke yake. Kando yake ndani ya basi aliketi mama mkwe, mwanamke wa maneno machache na yote mazito, aliyekwisha kutangaza mbele ya ukoo mzima: "Nikifika nitaamua. Mwanamume anayelala taa ikiwaka atamlindaje mtoto? Mwanangu na mjukuu wangu huenda wakaja kukaa kwangu." Fundi aliiogopa hukumu hiyo, kwa sababu habari ya taa ilikuwa kweli tupu, na kwa sababu alimpenda mkewe kupita kiasi.

Basi likaharibika jua linazama. Mji ule ulikuwa na nyumba moja tu ya wageni, jengo kongwe la ghorofa lenye ngazi za mbao na picha za watu waliokasirika. Mpokezi akawapa funguo, akasema kama mtu anayetaja saa ya chai: "Mkisikia bibi anagonga mlango, anaomba kuwashiwa taa, msifungue. Alikufa zamani. Choo kiko mwisho wa korido."

"Mambo ya watoto hayo!" akanguruma Simba, ili mama mkwe asikie. Kila mtu akaingia chumbani kwake.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Shujaa akaukagua mlango, akakuta kitasa kimelegea kama jino la mzee, naye akaufungua mfuko wake wa kazi, akatoa nyundo, misumari na makomeo aliyokuwa akipeleka kuuza. Akagonga, akagonga, akapigilia komeo juu, akapigilia komeo chini, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshakolea akalipigilia na dirisha. Kisha akapanda kitandani na viatu vyake, taa inawaka, shuka limefika puani, akajiona yuko ndani ya ngome isiyotekwa.

Usiku wa manane mlango ukagongwa.

"Nani?" akauliza, kwa sauti ambayo baadaye aliapa kwamba haikuwa yake.

"Taa yangu imezimika," ikajibu sauti ya mwanamke mtu mzima. "Nifungulie."

Lahaula! Tafakarini mashaka ya mtu yule. Akiwa ni bibi wa kale, kumfungulia ni kifo. Akiwa ni mama mkwe, kutomfungulia ni kifo vilevile, ila cha polepole. Akasimama wima juu ya godoro, akainua nyundo, akanena:

"Ewe unayegonga! Kama u mfu, rudi ulikolazwa, maana humu yumo mwanamume na nyundo yake! Na kama u mama wa mke wangu, basi toa ushahidi ambao mzuka hawezi kuwa nao!"

"Kile kitasa ulichonitilia mlango wa jikoni," sauti ikasema, "paka akikiegemea, kinafunguka."

Ni yeye! Fundi akarukia makomeo, akavuta, akabandua, akajikata kidole.

"Fundi, unafungua mlango au unajenga?"

Hatimaye ukafunguka. Mama mkwe alikuwa amejifunga khanga mbili, uso umesawijika. "Nataka kwenda msalani," akanong'ona. "Nisingekusumbua. Lakini usiku huu nimesikia mtu anapigilia misumari, kama anayetengeneza jeneza. Mimi siogopi ovyo, ila hilo limenishinda." Na mkono wake, ambao haukuwahi kumgusa tangu siku ya harusi, ukashika mkono wa shati lake.

Wakatoka, tochi ya simu mbele, nyundo juu. Mbao za korido zikalia chini yao. Kwenye kona akasimama adui mrefu, mwembamba, mwenye nywele timutimu. Simba akamshukia kwa pigo moja, na fagio likaanguka kwa kishindo kilichowarusha wote wawili. Wakasonga mbele.

"Ongea," mama mkwe akaamuru kutoka ndani ya choo, "nijue upo."

Shujaa akaongea. Alieleza hali ya hewa, bei ya bawaba, ubovu wa basi. Maneno yakaisha kabla ya mama mkwe, yakabaki ya kweli tu.

"Mama, aliyekuwa akipigilia misumari ni mimi."

Fundi akaona mke anakwenda, mtoto anakwenda, nyumba inabaki tupu na taa yake.

"Wewe? Ya nini?"

"Naogopa, Mama. Naogopa sana."

"Hata sasa?"

"Sasa hivi ndiyo usiseme."

"Na umetoka?"

"Si umeniita?"

Kikasikika kitu kama kikohozi, kikapanda, kikawa kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyekibana kwa miaka. Halafu maji ya choo yakanguruma kama mizinga ya ushindi.

Kesho yake mkewe aliwapokea mtoto akiwa mkononi, begi halijafungwa, macho yakitoka kwa mama yakienda kwa mume. Mama mkwe akamchukua mjukuu, akamtazama, akamweka mikononi mwa fundi.

"Funga mizigo," akamwambia binti yake. "Mumeo amekuja kuwachukua. Na usiku taa muiache iwake." Akageuka. "Nawe, mwanangu, usisahau kitasa changu."

Basi na lihifadhiwe jambo hili kwa vizazi! Wafalme wameteka miji, majemadari wamevuka majangwa, lakini ni nani kati yao aliyewahi kusimama kwenye mlango wa choo, gizani, na hofu yake yote, akamwongelesha mama mkwe mpaka akamaliza? Hakuna. Haki ya Mungu, hakuna.