Kiti Nje, Bafle Ndani

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Mimi Monique, mwanamuke aliyenunua pikapu kwa pesa ya mikebuka, samaki wa ziwa letu. Wengine walinunua vitenge. Ninaandika mwenyewe. Masomo niliacha mwaka wa tatu kwa sababu mwalimu alikuwa muvivu. Lakini herufi ninazo zote.

Joëlle, binti yangu, amezaa mapasa, watoto wawili siku moja! Kyungu na Kabange. Wana uso wangu. Mama Bertille, mama wa bwana wake, anasema wana uso wake. Uongo. Watoto ni wazuri.

Jumamosi njo siku ya kuwatoa nje. Desturi kila muntu anaijua. Bibi wa upande huu na bibi wa upande ule wanatukanana barabarani kwa nyimbo. Siku ya mapasa matusi ni baraka. Anayekasirika njo ameshindwa. Na safari hii tumewekeana sharti mbele ya Mama Anne, shangazi mukubwa wa ukoo: mushindi anakaa na Joëlle na mapasa nyumbani kwake mpaka watoto waote meno.

Mapasa kwa Bertille mpaka meno! Nife kwanza.

Shida ni moja. Bertille ana sauti. Amekulia Kabalo, muji wa treni, walizoea kuitana kutoka ng'ambo moja ya muto Lualaba mpaka ng'ambo ingine. Mimi sauti yangu niliimaliza sokoni nikiita wanunuzi. Nikiimba leo, paka anainuka kuangalia nani anakwaruza sufuria.

Lakini mimi nina pikapu. Bertille ana miguu.

Nimeamua. Muziki mu pikapu. Bafle, spika ya kupaza sauti. Kubwa.


Jumanne, tarehe 5

Nimeenda kwa Jumaa, anayetengeneza radio pembeni ya soko. Ana bafle ya besi iliyotoka Kigoma. Mudomo wake una upana wa beseni langu la samaki. Alipoiwasha nilisikia ugali wa asubuhi unageuka tumboni. Nikasema: hiyo.

Théophile, mwanangu wa mwisho na shofere wangu, akaanza. Eti kabine ni ndogo, mama. Eti kuna kiti cha shofere na kiti cha watu wawili, na nyuma ya viti hata ufagio haupiti. Eti tuiweke nyuma, kwenye kasha la mizigo. Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Nyuma ni mahali pa samaki na pa mashangazi. Maji ya chumvi ya samaki yamekula chuma, yatashindwa na mbao?

Jumaa ni kijana wa adabu. Kila ninachosema anajibu ndiyo mama. Alivuta viti mbele, akasukuma, akapiga teke, bafle ikaingia. Sasa Théophile anaendesha magoti yakiwa karibu na masikio. Analalamika. Nilimukumbusha kwamba marehemu baba yake alikuwa mufupi na hakuna aliyemusikia akilia.

Jumaa alisema jambo moja la kijinga. Eti bafle ya besi ni ya kutetemesha tumbo, maneno yanataka bafle ndogo pembeni. Nilimujibu: ndogo ni ya watu wadogo.


Jumatano, tarehe 6

Mama Anne amekuja kuona. Nilimufungulia mulango wa kabine kama ninafungua kanisa. Akaangalia. Akazunguka pikapu. Akauliza: ni moja?

Nikasema moja, lakini uone ukubwa.

Akapiga makofi ya kusikitika. Monique, kwa mapasa hakuna kitu kimoja! Ukimupa Kyungu kitambaa, Kabange naye kitambaa. Ukimupa mumoja yai na mwenzake hapana, yule aliyekosa anapata homa. Sasa bafle hii ni ya nani?

Sikuona haya. Nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo mwenyewe, alinitangulia tu.

Mbio kwa Jumaa. Ya pili anayo, ndugu wa ile ya kwanza, sawasawa. Lakini itakaa wapi? Jumaa anakuna kichwa. Théophile anakuna kichwa. Wanaume wawili na hakuna wazo! Nikasema: toa kiti cha watu wawili.

Jumaa akatafuta bisibisi.

Théophile akauliza Joëlle atakaa wapi na watoto. Nikamujibu: juu ya bafle. Akasema kati ya bafle na dari kuna nafasi ya mukate tu. Nikamuambia Joëlle ni dada yake, anajua kwamba ni mufupi, na akiinama kidogo atakaa vizuri kabisa.

Kiti kimetoka. Jumaa amekichukua kuwa sehemu ya malipo yake. Kiti chenyewe kibaya. Kina doa la mawese, na upande mumoja kilipasuka, nilikishona kwa uzi wa wavu. Aende nacho!

Bafle zimesimama mbili, bega kwa bega, kama bwana na bibi harusi. Mulango haufungi vizuri. Tumeufunga na kamba ya mutumbwi. Nimeangalia mara nyingi. Mungu wangu, ni nzuri.


Alhamisi, tarehe 7

Jaribio mbele ya nyumba! Mbuzi wa jirani wamevunja ua. Mabati yote ya mutaa yalicheza. Sahani za Mama Myriam, jirani wa ng'ambo ya njia, zilianguka zenyewe, akatoka anamuita Yesu.

Kisha nikashika mikro nikaimba tusi langu la kwanza, nililolitunga mwenyewe: Bertille wa Kabalo, ulingojea treni mpaka ukaota mvi, ilipofika imebeba viazi tu!

Ikatoka: Buuu. Buu-buu. Buuu.

Muntu akapita akauliza kama kuna meli imeingia bandarini. Meli! Nilijisikia mukubwa sana.

Théophile akasema hakuna neno hata moja lililosikika, mama. Nilimuuliza: simba akinguruma, wewe unangojea maneno?

Akaleta ingine. Eti bafle ya ndani inazuia mukono wa vitesi, ule wa kubadilisha gia. Kwenda mbele inakubali. Kurudi nyuma haiingii kabisa. Nikacheka. Nani anarudi nyuma siku ya mapasa? Ukoo wetu haurudi nyuma.

Bertille alipita na beseni kichwani. Akasimama. Akauliza kwa sauti ya upole, ile sauti yake ya nyoka, nani amekufa hapa. Nikasema ngojea Jumamosi, mama. Akachungulia mu kabine, akaangalia pale palipokuwa na kiti. Akaangalia sana. Akaenda zake anaimba kidogokidogo.

Anaogopa. Nimemuona.


Ijumaa, tarehe 8

Mama Myriam amemuona Bertille kwa Jumaa. Alikaa kule na kucheka. Atapata nini? Bafle zote kubwa ninazo mimi. Muache anunue batri ya tochi.

Théophile ameosha pikapu. Inanuka samaki bado, lakini samaki wa sherehe.


Jumamosi, tarehe 9

Ninaandika na hasira. Hapana. Si hasira. Ninaandika kwa nguvu.

Mupango ulikuwa safi: tumuchukue Joëlle na mapasa kwao, tushuke nao mpaka soko, Bertille atukute huko atetemeke. Mimi nyuma, nimesimama na mikro, kitenge kipya. Mashangazi pembeni yangu. Mama Anne muamuzi amekaa kwenye beseni lililogeuzwa. Tukaondoka. Buuu! Watu walitoka majumbani wameshika vifua. Sijawahi kuona heshima kama ile.

Tukafika kwenye njia ya kwa Joëlle. Nikapiga juu ya kabine kumuambia Théophile akate kona. Akaendelea! Nikapiga tena. Mashangazi wote wakapiga. Anaendelea! Kumbe paa la kabine lilikuwa linatetemeka tangu nyumbani, atajuaje ni mama yake?

Aliposimama tulikuwa tumepita mbali. Nikamuambia rudi nyuma.

Akatoa kichwa dirishani, akaniangalia. Akanikumbusha mukono wa vitesi. Afadhali angenyamaza.

Basi tukaenda mbele mpaka uwanja wa gari moshi kutafuta mahali pa kugeuka, tunasalimia watu kana kwamba tulipanga. Pale njo bafle moja ikakohoa kama muzee wa tumbaku, ikatoa harufu, ikanyamaza. Ya pili inaendelea, nzima, inanguruma vizuri.

Mama Anne akainua kidole. Akauliza: iliyokufa ni ya Kyungu ao ya Kabange?

Mashangazi wote wakaniangalia. Nifanye nini? Nimupe homa mujukuu wangu? Nilimuambia Théophile mwenyewe, kwa mudomo wangu: zima zote.

Mu kimya kile njo nikamusikia Bertille.

Alikuwa anashuka kutoka kwa Joëlle, na nusu ya muji nyuma yake. Hana mikro. Ana sahani ya bati na kijiko. Mbele yake vijana wawili wanasukuma pusupusu ya kubebea magunia, imepambwa majani. Na juu ya pusupusu, Joëlle, ameegemea kama bibi wa gavana, Kyungu mukono wa kuume, Kabange mukono wa kushoto, wamelala. Bertille anaimba:

Monique mama wa samaki ee,
alitoa kiti aweke kelele!

Na watu wanaitika:

Kelele inakaa, matako yanasimama!

Mashangazi zangu, mashangazi zangu mwenyewe, walianza kucheka. Sawa. Nikavuta pumzi nitoe wimbo wa treni na viazi, hivyo hivyo na sauti yangu ya sufuria. Matusi ni baraka. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Kisha nikaona alichokalia Joëlle.

Doa la mawese. Uzi wa wavu.

Kiti changu!

Niliruka kutoka nyuma ya pikapu. Muguu wangu unauma lakini niliruka. Sikuimba. Nilisema kiti changu, muizi wewe, shuka, Joëlle shuka, nileteeni polisi, nileteeni Jumaa nimutie mu bafle yake! Kitenge kilifunguka, nikakishika na mukono mumoja, na mwingine nikamunyooshea Bertille kidole mpaka karibu na jicho.

Bertille alitabasamu tu. Alishusha sahani yake pole, akamugeukia Mama Anne.

Mama Anne akauliza watu: huo ni wimbo?

Watu wakasema: hapana!

Imeisha. Joëlle alinipungia mukono wakati wanamusukuma. Akaniambia usikasirike mama, kiti hiki ni kizuri sana, mugongo wangu umepona.

Mugongo wake!


Jumapili, tarehe 10

Baada ya misa nimeenda kwa Bertille kuona mapasa wangu. Kiti kipo barazani kwake. Alinikaribisha nikae. Nilitaka kukataa, lakini muguu uliuma.

Nikakaa. Joëlle akaniwekea Kyungu goti hili, Kabange goti lile. Mumoja alinishika kidole, na mwenzake hapohapo akashika kingine. Wana nguvu. Ni wangu hao. Tulikaa hivyo mpaka jua likageuka. Bertille akaleta chai, vikombe viwili, akasema sauti yangu jana barabarani ilisikika mpaka bandarini bila bafle. Nilikunywa chai. Nikamujibu kwamba ninajua.

Akasema pia kama ninataka kiti nikichukue, yeye alikinunua kwa ajili ya siku moja tu.

Anafikiri mimi mujinga! Nirudishe kiti mu kabine, kijaze nafasi yote? Nilimuambia akae nacho, ni zawadi kutoka kwa ukoo wetu. Na watu waandike vizuri nani aliwakalisha mapasa siku ile: ni kiti cha Monique. Kwa hiyo nusu ya ushindi ni yangu. Nimehesabu vizuri.

Nimejua kosa lilikuwa wapi. Bafle zilikuwa ndogo.

Noeli ni ubatizo, na Mama Anne amekubali tushindane upya, kwa ajili ya nani atawabeba mapasa kanisani. Jumaa anasema Kigoma kuna bafle za upana wa mutungi wa pombe, moja inataka wanaume wawili kuibeba. Nimemuambia alete mbili, na kama hizo hazitoshi, mbili za akiba.

Théophile amepima kabine. Amekaa chini kwenye vumbi, akasema haziingii, mama, hata kwa maombi.

Nimemuambia toa na kiti cha shofere.

Ameniuliza yeye ataendesha vipi. Kila siku maswali! Nikamuonyesha ziwa. Pale, mutumbwi wa ndagala, wale samaki wadogo, ulikuwa unaingia, na muendeshaji wake nyuma, amesimama wima, ameshika usukani.

Nimemuuliza: yule amekaa?