Mmoja Juu, Mmoja Chini

Jumapili, 30 Machi

Mwezi umeandama! Kesho Sikukuu. Nimemaliza kanzu ya mwisho, vidole vimejaa matundu ya sindano. Fundi cherehani mwezi wa Ramadhani si mtu, ni pedali.

Habari kubwa: mjini Chake Chake limekuja gurudumu la kupanda watu. Limeletwa na meli kutoka bara, limesimamishwa uwanja wa sikukuu, refu kuliko minazi. Viti vya watu wawili wawili. Nimemwambia Mize, mke wangu, kwamba safari hii tutapanda pamoja, bega kwa bega. Akacheka. Akauliza watoto atawashika nani. Swali dogo, lakini limenikaa. Ummi ana miaka mitatu, Hamad bado ananyonya, na tangu wazaliwe hatujawahi kukaa benchi moja bila mmoja wao kuwa katikati na biskuti.

Nyange ameshapanda, jana baada ya futari. Nyange ni mwanyumba wangu: yeye kamuoa dada, mimi nimemuoa mdogo mtu, na tangu hapo ananitazama kama aliyewahi mwanzo. Picha ameiweka WhatsApp. Yeye na mkewe kwenye kiti, anatabasamu utadhani gurudumu kaliunda yeye. Watoto wake wakubwa, hawahitaji kushikwa.

Sikubali.

Jumatatu, 31 Machi. Sikukuu Mosi

Tulifika baada ya Alasiri. Foleni mpaka barabarani. Mlangoni yuko bwana mmoja wa bara, Ridha, ana filimbi na fimbo ya kupimia watoto. Ummi hakufika hata nusu ya fimbo. Nikasema Hamad nitampakata, atalala tu. Ridha akasema mtoto mdogo hapandi, hata akiwa amelala fofofo. Ila upo utaratibu: mnapanga foleni pamoja, mmoja anapanda, mwenziwe anabaki kando na watoto. Akishuka mnabadilishana, na wa pili hapangi foleni tena.

Waliokuwa nyuma yetu wakasema utaratibu mzuri sana. Ni mzuri. Lakini umetungwa na mtu asiyempenda mkewe.

Mize akaanza. Alishuka macho yanang'aa, kaiona bahari huku na huku. Zamu yangu! Ridha hataki kiti kikae na mtu mmoja, akanitia pamoja na Mzee Murtaza, mwenye duka la vitambaa. Tulipoondoka ardhini tu, mzee wa watu akanishika mkono. Hakuuachia. Alisoma Ayatul Kursiyyu, na kila tukifika juu anaanza upya. Bahari sikuiona. Niliona ndevu.

Mize alitupiga picha, mimi na Mzee Murtaza, mkono kwa mkono. Nyange kaiomba. Mize kampa.

Jumanne, 1 Aprili. Sikukuu Pili

Akili haikosi njia. Anayetakiwa ni mtu wa kushika watoto, na hakuna kama mama mkwe. Lakini kumwambia Bi Mwanawema aje kulea siku ya Sikukuu ni aibu. Nikapita pembeni. Nikamwambia uwanjani yupo daktari anapima presha bure. Alivaa buibui kabla sijamaliza sentensi.

Tulipofika akauliza daktari yuko wapi. Nikasema nadhani kaenda kuswali. Nikampa Hamad, nikampa Ummi, nikamwambia Mize twende. Kumbe Bi Mwanawema keshainua shingo, analitazama gurudumu. Akauliza lile la kulipia au la serikali. Kisha akanirudishia Hamad. Akanirudishia Ummi. Akavua viatu, nadhani kwa heshima, akanipa na hivyo, na mkoba. Akamshika binti yake mkono, wakapanda.

Waliposhuka Ridha akapuliza filimbi: zamu yako, baba. Mama mkwe akamwambia kwamba mimi nilishapanda jana, na picha ameiona. Wakapanda tena, kwa zamu yangu!

Njiani kurudi akasema presha imeshuka yenyewe, daktari asisumbuliwe.

Jumatano, 2 Aprili. Sikukuu Tatu

Nimemeza aibu, nimemwendea Nyange. Nikamwomba yeye na mkewe watushikie watoto mzunguko mmoja tu. Sababu ya kweli sikuitaja. Nilisema Mize anaogopa kupanda bila mimi. (Mize, aliyelizoea gurudumu kuliko Ridha.) Nyange akacheka, akakubali, akasema mipango yote nimwachie yeye.

Kosa! Alimwambia Ridha sisi ni familia mbili zenye watoto: wababa kwanza, wamama baadaye. Anaapa ndivyo alivyonielewa. Kabla sijakaa sawa, chuma cha kiti kimefungwa na ubavuni nina Nyange.

Tulipofika juu kabisa, umeme ukakatika.

Sauti iliyosikika mpaka sokoni haikuwa yangu. Naiandika hapa ijulikane. Mize anasema sauti hiyo iliita "Mize!" Wenye jina hilo Pemba ni wengi.

Nyange alinikumbatia kuliko Mzee Murtaza. Akaninong'oneza kwamba ile picha walijipiga gurudumu limesimama, kiti kiko chini, mkewe akainamisha simu waonekane wako juu. Juu hajawahi kufika. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Na nilimwonea huruma kweli. Nikamwambia afumbe macho, nikamsimulia kanzu moja moja nilizoshona mwezi mzima, kola zake na nakshi zake, mpaka pumzi zikamrudi. Tukakaa kama ndugu. Huko chini wake zetu wanakula barafu na watoto, wanatupungia.

Umeme ulirudi karibu na Magharibi. Kabla ya Isha, kijiji chetu kizima cha Wambaa kilikuwa na habari za Nyange.

Alhamisi, 3 Aprili. Sikukuu Nne

Siku ya mwisho. Asubuhi Mize alikwenda kwa mamake, akamwambia, "Mama, leo tushikie watoto. Nataka kupanda na mume wangu." Basi. Maneno hayo tu.

Bi Mwanawema akasema, "Sasa si mngenambia tangu mwanzo? Mumeo kanizungusha na daktari wake, nna presha miye?"

Tukapanga foleni wawili, mikono mitupu. Mize kavaa gauni nililomshonea mwenyewe. Akanishika kidole cha mwisho, pale pale mbele za watu. Hakuna mtu Pemba nzima aliyekuwa na furaha kama mimi.

Lakini ile foleni! Mji mzima umekuja, na Ridha katangaza Magharibi wanafunga. Nikasema, akili, usinitupe. Nikamwambia Mize nakwenda kunywa maji. Nikaenda kwa mama mkwe, nikamwazima Hamad. Nikaibuka naye mbele ya Ridha: sisi ndio wale wa zamu, wenye mtoto mchanga, tupishe. Ridha akanitambua, akafungua mlango wa pembeni. Tumeiruka foleni nzima! Nikamwita Mize kwa mkono. Akaja mbio, akamwona Hamad kifuani kwangu, akasimama.

Ridha akauliza, "Haya, nani anaanza?"

Nikageuka kumtafuta Bi Mwanawema. Hayupo, kampeleka Ummi kunywa juisi ya miwa. Nikamwomba Ridha atusubiri. Filimbi. Watu wa foleni wakaanza kunitolea maneno. Mize akanitazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali. Akasema, "Talib, tulikuwa tushafika karibu." Akapanda, akakalishwa pamoja na bibi mmoja wa Wingwi asiyemjua.

Nikabaki chini. Kila kiti chake kikifika juu nilimpungia kwa mkono wa Hamad. Mzunguko wa mwisho naye akapunga. Nadhani alimpungia Hamad.

Ilipofika zamu yangu, Magharibi ikaadhiniwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Gurudumu limefunguliwa boliti, limerudi bara. Ridha anasema Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, atalileta tena.

Wakati wa chai Mize alinieleza polepole, kama anavyomfundisha Ummi kufunga kifungo. Nilipozungusha maneno tulikosa, aliposema kweli tulipata. Tena gurudumu lenyewe hakulijali sana. Alichokipenda ni ile foleni, kusimama na mimi tu, hakuna anayelia. Maneno yakaniingia. Nimemwahidi: sitasema uongo tena.

Nimelifikiria vizuri. Kosa halikuwa uongo, kosa lilikuwa Hamad. Mtu anayechechemea hupishwa bila maswali, na mkewe hana budi kupanda naye, maana nani atamshika? Wala si uongo, kwa kuwa sisemi neno. Nachechemea tu. Nimeanza leo, ili Mfunguo Tatu ukifika watu wawe wamezoea. Nimechechemea kwenda dukani na kurudi. Nimepewa pole njia nzima. Mzee mmoja kanipisha kiti!

Jioni Bi Mwanawema alikuja kututazama. Akaniangalia nikivuka ua, hatua kwa hatua, mpaka nikakaa. Akauliza mbona asubuhi, aliponiona njiani, ulikuwa mguu wa kulia.