Posa kwa Betri Tatu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeamua kumposa Hafidha. Miaka miwili nanunua mdalasini kwake na sijui hata unatiwa kwenye nini. Inatosha. Nampenda, basi.

Tatizo la kwanza: washenga. Ami Abdulatif, niliyemwomba awaongoze, anasema mgongo unamuuma. Mgongo huohuo jana ulibeba mbao sita. Tatizo la pili: Mjomba Maneno, kaka wa mama yake Hafidha. Kwetu Waluguru mjomba asipokubali, baba mzazi akubali mpaka akauke. Na Mjomba Maneno ameapa mguu wangu usivuke uzio wake, tangu nilipomuuzia ile chaja. Simu iliungua kidogo tu!

Jumanne, 15 Julai

Habari mbaya. Luqmani muuza vitanda, mtu mwenye kanzu tatu na wazo hata nusu hana, anapeleka washenga kwa Mjomba Maneno Ijumaa baada ya swala.

Habari njema: nina akili. Kwenye kibanda changu cha ndoo na vikorokoro hapa Mwembesongo kuna gari la rimoti lililokosa mteja tangu Idi. Mguu wangu hauruhusiwi kuvuka uzio. Gari halina miguu! Litabeba barua ya posa ndani ya leso nyeupe, lisimame mbele ya Mjomba. Keshokutwa, kabla ya kanzu za Luqmani.

Barua nimeiandika kwa adabu zote. Jina la binti sikulitaja. Wastaarabu huandika "binti yenu". Luqmani atataja, namjua.

Jumatano, 16 Julai

Gari likibeba barua na leso linatembea kama bibi harusi. Betri zake nne za tochi hazina maana. Nimekwenda kwa Tejas, fundi redio, akachambua laptop iliyokufa na kunipa betri mbili zenye nguvu. Akasema, kaka, mbili tu. Ukiweka ya tatu saketi itaungua, na saketi ikiungua hiyo rimoti itakuwa pambo. Nikamshukuru kwa ushauri. Nikaomba ya tatu, ya akiba.

Mafundi wote waoga. Nimeziunga tatu, moja nyuma ya nyingine, nikazifunga kwa selotepu. Gari limevuka chumba kabla sijamaliza kubonyeza. Kuku wa jirani amehama.

Alhamisi, 17 Julai

Saa kumi jioni nilisimama ng'ambo ya njia, nikasema bismillahi, nikabonyeza. Hatua kumi, moshi. Nikabonyeza lisimame, likaongeza mwendo. Nikatoa betri za rimoti. Halikujali! Likagonga jiwe mbele ya uzio wa Mjomba Maneno, likageuka, likaingia nyumba ya pili, kwa Chausiku mwenye mashine ya kusaga. Wajomba zake watatu walikuwa mkekani, kikao cha ukoo. Gari likapinduka miguuni mwao. Barua ikadondoka. Wakaisoma. "Binti yenu."

Vigelegele!

Nilikuwa nyuma ya tanki la maji. Sikujificha. Nilikuwa natathmini.

Ijumaa, 18 Julai

Chausiku kaja kibandani mwenyewe, na khanga mpya, gari langu kwapani. Kasema waume zake wawili wa mwanzo walileta washenga wenye ndevu, na wote walikuwa waongo. Mimi nimeleta moshi, angalau nimejitahidi. Wajomba wameshaifungua barua, na barua ikifunguliwa posa imepokelewa. Jumapili niende nikatajiwe mahari. Nikampa ndoo ya bure.

Saa tisa akapita Hafidha. Nikamweleza kwamba kosa ni la jiwe. Akaniuliza kwa nini sikuja mwenyewe. Kumbe Ami Abdulatif alishamnong'oneza habari ya washenga, naye Hafidha akambembeleza mjomba wake siku tatu mpaka akalainika. Jana walitandika mkeka, wakapika pilau, wakanisubiri nibishe hodi. Hodi tu! Badala yake wakasikia vigelegele vya jirani. Sasa barua ya Luqmani imepokelewa, na majibu yatatolewa Jumapili mchana.

Akasema bado kuna nafasi, ila ni moja. Niende kwa wajomba wa Chausiku kwa miguu yangu, niwaamkie, niombe radhi kwa mdomo wangu. Kisha nibishe hodi kwa Mjomba Maneno. Alianza kucheka, akaacha, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Hajawahi mtu yeyote kulia kwa ajili yangu. Moyo umeniuma mpaka sasa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetafakari maneno ya Hafidha kwa makini sana. Ana haki. Lazima niombe radhi.

Nimeandika barua nzuri ya kuomba radhi, kurasa mbili. Kasoro ya Alhamisi nayo nimeigundua: betri tatu hazigawanyiki kwa mbili, ndiyo maana gari lilielemea upande. Tejas amekataa kuniuzia nyingine, akanifungia na mlango. Nimezipata kwingine. Nimefunga nne.

Rimoti haifanyi kazi tena, lakini haidhuru. Gari sasa linajua kwenda mbele tu, na mbele ndiko ninakolipeleka. Kesho saa mbili asubuhi naliweka chini, naliachia. Saa mbili na dakika moja niko huru. Hafidha atafurahi.